Usiache mbachao: Tuwaamini vipi mafundi wa mashine za gemu?

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayenifuata katika safu hii, wiki hii naomba tuzungumze juu ya mashine za gemu. Najua wapo wazazi watakaosema hayo ni mambo ya watoto. Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo, mpaka nilipomkuta kijana mmoja wa mtaani kwetu amekaa nje ya kibanda chake saa kumi ya jioni, mlango umefungwa, wakati ambao kwa kawaida watoto hupanga foleni hapo na sarafu zao mkononi.

Kijana huyo alikuwa na PlayStation 3 mbili, na hizo ndizo zilizokuwa mtaji wake wote. Moja aliipeleka kwa fundi ili abadilishiwe programu yake ya ndani. Fundi alifungua ukurasa fulani wa intaneti kwa kutumia mashine ile ile, akabonyeza kitufe, kazi ikaanza. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Uliporudi, mashine haikuonyesha picha tena. Kijana akauliza, "Fundi, ulihifadhi nakala ya ile programu ya zamani?" Akajibiwa kwamba hakukuwa na haja, kila kitu kipo mtandaoni. Kumbe kila mashine ya aina hiyo ina funguo zake za siri katika kumbukumbu yake, na nakala iliyotoka kwenye mashine ya mtu mwingine haiwezi kuifufua.

Tangu siku ile barazani kwetu pamekuwa na makundi mawili. Kundi la kwanza linasema kosa ni kutumia chombo cha mtandaoni: fundi angetumia programu aliyonayo mezani, katika kompyuta yake, yasingetokea hayo. Kundi la pili linasema programu za mezani ndizo zenye virusi, na kwamba tovuti inayojulikana ni salama zaidi. Mimi nimewasikiliza wote, kisha nikarudi kwenye historia. Historia haimpi ushindi yeyote kati yao.

Kwanza tuelewane. Programu hiyo ya ndani wenye fani huiita fimwea. Imekaa ndani ya mashine tangu kiwandani, ndiyo inayoamka kwanza uwashapo, na ndiyo inayoamua gemu ipi ikubaliwe na ipi ikataliwe. Kuibadilisha ni kama kubadilisha msingi wa nyumba huku watu wamelala ndani. Ikiharibika, mashine hubaki kuwa pambo tu. Wachezaji duniani kote wana neno lao: husema mashine "imegeuka tofali".

Sasa turudi mwaka 2005. Kampuni ya Sony ilikuwa imetoa PSP, mashine ndogo ya mkononi, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2004. Waliokuwa na fimwea namba 1.50 waliweza kuendesha programu walizojitungia wenyewe. Waliopandisha hadi namba 2.00 wakajikuta wamefungiwa nje, wakawa wanatafuta njia ya kurudi nyuma. Njia ya kweli ilipatikana mwaka huo huo. Lakini Oktoba 2005 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Symantec ikatoa tahadhari: lilikuwa linazunguka faili lililojidai kuwa ni chombo cha kurudisha fimwea nyuma, kumbe kazi yake ni kufuta mafaili muhimu ya mashine. Aliyeliendesha, PSP yake haikuwaka tena. Mwezi huo huo likatokea jingine lililoharibu mashine za Nintendo DS kwa namna inayofanana na hiyo.

Angalia jambo hili vizuri, ndugu msomaji. Faili lile la PSP halikuhitaji mtandao hata kidogo wakati wa kazi. Mtu alikuwa amekwisha kulipakua, limo katika kadi yake, mkononi mwake. Kikulacho ki nguoni mwako. Waathirika walikaa muda mrefu bila tiba ya nyumbani, hadi mwaka 2007 wapenzi wa mashine hiyo walipogundua kwamba betri ya PSP ikibadilishwa namba yake ya ndani huifanya mashine iingie katika hali ya matengenezo. Ikaitwa betri ya Pandora, na tofali nyingi zikafufuka.

Tuje kwa Nintendo Wii, mashine iliyotoka mwaka 2006. Kundi la wataalamu lililojiita Team Twiizers lilitengeneza njia ya kuifungua ili iendeshe programu za watu binafsi. Mwaka 2011 lilitoa chombo kiitwacho LetterBomb, nacho kilikuwa cha mtandaoni. Uliingia kwenye tovuti yao, ukaandika namba ya kifaa chako, nayo ikakutengenezea barua ya kuweka katika kadi. Barua hiyo ilionekana katika sanduku la ujumbe la Wii, na ulipoifungua, mlango ukafunguka. Ilibidi ipikwe kwa namba ya mashine moja tu, haifai kwa nyingine. Kwa hiyo mtumiaji alimpa mgeni namba ya mashine yake, akapokea faili asiloweza kulisoma, akaliingiza ndani. Kwa hesabu za kundi la kwanza la barazani kwetu, hayo yangekuwa maafa. Hayakuwa maafa. Watu wengi walifungua Wii zao kwa njia hiyo salama.

Kwa nini? Kwanza, wenye chombo walikuwa na jina la kulinda na hawakuuza kitu. Programu yao ya kusimikia ilianza kwa onyo kwamba kama umeinunua, umetapeliwa, nenda ukadai fedha zako. Pili, ilipatikana programu nyingine iitwayo Wilbrand, iliyopika barua hiyo hiyo katika kompyuta yako mwenyewe, na maandishi yake ya ndani yakawekwa wazi kwa yeyote ajuaye kuyasoma. Asiyeiamini tovuti alikuwa na njia mbadala. Tatu, na hili ndilo kubwa, kundi lile lilitoa pia chombo cha BootMii, kilichonakili kumbukumbu yote ya mashine, megabaiti 512, na kuiweka katika kadi. Katika Wii za mwanzo kiliweza kuamka kabla ya kitu kingine chochote, hivyo hata mashine ikiharibika, nakala hurudishwa. Katika Wii za baadaye mlango huo ulikuwa umezibwa, na mwenye nakala aliweza kubaki nayo mkononi bila pa kuipitishia. Kwa hiyo nakala peke yake haitoshi, mpaka ujue itarudishwaje.

Mwaka 2014 likaja somo chungu kwa waliodhani kununua ndiyo usalama. Wauzaji wa kadi ya Gateway, ya kufungulia Nintendo 3DS, waliweka ndani ya programu yao maagizo ya siri: kadi ikihisiwa kuwa ni ya kughushi, mashine ya mteja iuawe. Wataalamu walioichambua programu ndio waliofichua. Hiyo nayo ilikuwa kadi ya kushikika, imelipiwa, haihitaji tovuti.

Basi tofauti ya mtandaoni na mezani ipo wapi? Ipo, ila si ile inayogombewa. Ukurasa wa mtandaoni hubadilika bila kukuaga. Uliokusaidia jana, leo unaweza kuwa na mwenye mwingine, na wewe hutajua. Faili ulilohifadhi halibadiliki, ila lililo baya hubaki baya. Kwa hiyo cha kuuliza ni kama chombo kinakaguliwa, na kama kosa linarudishika.

Sizungumzii wizi wa gemu. Huo una sheria zake na mahakama zake. Nazungumzia mtu anayekabidhi mali yake kwa fundi. Kabla hujaikabidhi, muulize mambo manne. Chombo hiki kimetengenezwa na nani, na nani mwingine amekikagua? Waweza kukihifadhi ukakitumia bila mtandao? Nakala ya mashine yangu umeichukua, na wajua kuirudisha? Na umeme ukikatika, una betri ya akiba? Fundi anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kukujibu.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Fimwea ya zamani ndiyo mbachao.

Yule kijana amefungua tena kibanda, kwa mashine moja. Foleni ni ndefu kuliko zamani, na mapato ni nusu. Mashine iliyobaki aliipeleka kwa fundi mwingine, ichukuliwe nakala tu, isibadilishwe kitu. Nakala hiyo ipo kwenye flashi mbili, moja anayo yeye, nyingine ameiweka kwa mama yake. Mimi nasema amefanya vyema, ingawa angefanya hivyo mapema angekuwa na mashine mbili.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.