Mwalimu Asiyeita Majina

Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Laiti wangeiona televisheni, wangeongeza kwamba ulimwengu nao una zamu ya jioni, na hukaa sebuleni juu ya kabati. Mimi niliyestaafu nikiwa mwalimu mkuu nimemtazama mwalimu huyu kwa miaka mingi. Leo namwandikia taarifa ya ukaguzi kwa utaratibu tuliofundishwa chuo cha ualimu: historia yake ya kazi, ufundishaji wake, kisha mapendekezo.

Huku bara aliajiriwa kwa kuchelewa. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilimwona kuwa anasa kwa nchi maskini, na Tanzania Bara ilikaa bila televisheni yake hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza Dar es Salaam. Zanzibar ilitutangulia kwa miaka ishirini, tena kwa picha za rangi, wakati Kenya bado ilikuwa na nyeusi na nyeupe. Hapo jiografia ilitufaa sisi watu wa Tanga. Pemba iko ng'ambo tu, Mombasa si mbali, na mawimbi ya matangazo hayaombi pasi mpakani. Mwenye seti pale Ngamiani au Chumbageni alisimika antena juu ya mlingoti mrefu, akampandisha kijana kuizungusha, huku wakubwa wakipiga kelele dirishani: "Rudisha! Hapo hapo! Usitikisike!" Hilo lilikuwa somo la kwanza la fizikia kutolewa na televisheni mjini kwetu, nalo lilikuwa la vitendo.

Katika miaka hiyo zamu ya kweli ilishikwa na redio. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, kisha kiongozi wao akafungua kitabu, wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka watoto wote wa umri wa shule wawe darasani ifikapo 1977, walimu wengi wa UPE walijifunza ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta na ya redio. Redio ilikuwa na adabu: ilisema, ikanyamaza, ikamwachia mtu aliye hai aulize maswali.

Sasa ufundishaji wa televisheni. Katika jiografia nampa alama za juu: vijana wasioweza kuionesha Handeni kwenye ramani wanaijua Liverpool na Barcelona. Katika hisabati, mtoto anayeshindwa kutoa kwa kukopa hukokotoa tofauti ya magoli bila kalamu. Katika maarifa ya jamii amenishinda kabisa. Mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ilioneshwa ikiwa na sauti za Kiswahili, na mwaka 2013 Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam. Nimefundisha somo hilo miaka mingi, na hakuna rais aliyewahi kutaja mada yangu hata moja.

Tuwe waadilifu: wapo wanaofundisha kwa makusudi. Ubongo Kids, katuni zilizoanza kuoneshwa mwaka 2014 na kutengenezwa hapa nchini, ziliimba hisabati, na mtoto aliweza kujibu maswali kwa ujumbe wa simu. Angalau hapo televisheni ilijaribu kusikia.

Mtihani mkubwa ulikuja Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yakapelekwa hewani. Nilimwona mtoto wa jirani amekaa na daftari mbele ya seti. Mwalimu wa kwenye kioo akauliza, saba mara nane ni ngapi? Mtoto akanyoosha kidole, akangoja kuchaguliwa, hakuchaguliwa, akajijibia: hamsini na nne. "Vizuri sana!" akasema mwalimu, na mtoto akatabasamu. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Darasani, mwalimu anayepita kati ya madawati angeliona kosa lile kabla wino haujakauka. Na huyu alikuwa na bahati, kwani wenzake wa nyumba zisizo na umeme, huko njia ya Pangani, hawakupata hata pongezi ya kosa.

Mapendekezo: aendelee na kazi akiwa mwalimu msaidizi. Picha yake ya volkano inalipuka, ya kwangu ubaoni ilitoa vumbi la chaki tu. Lakini awekewe mtu kando yake, kama redio ya mwaka 1973, na asikabidhiwe daftari la mahudhurio. Kila asubuhi mwalimu huita majina, na jina lisiloitikiwa humsumbua: mtoto anaumwa, yuko shambani, au amekwenda baharini kuvua? Televisheni husema "karibuni nyote" hata sebule ikiwa tupu.