Kwa Nini Mzee Mwenye Saratani Hukonda Hata Akilishwa

Leo nitaanza na jambo la nyumbani kwangu kabla sijawapeleka mbali.

Mama mkwe wangu alipougua saratani ya utumbo alikuwa na miaka 74, na mimi ndiye niliyekaa naye. Asubuhi nilimpa uji wa wimbi uliotiwa maziwa na njugu karanga za kusaga. Saa nne yai. Mchana ugali laini na supu ya samaki. Alikula kidogo, lakini alikula. Hata hivyo, kila nilipomwogesha niliona mifupa ya mabega inazidi kuchomoza, na leso yake ikawa inamzunguka mara mbili. Siku moja wifi yangu akaja kutoka Nairobi. Akamwangalia mamake kwa muda, kisha akaniita jikoni. "Wifi, mama amebaki mifupa. Hizo pesa za chakula tunazotuma, chakula chenyewe hula nani?"

Sikumjibu. Najua wengi wenu mmewahi kuulizwa swali hilo, na wengine mmejiuliza wenyewe usiku mkiwa mmelala. Kumbe swali hilo lina historia ndefu, na madaktari wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 2,000.

Waganga wa Ugiriki ya kale, wale wa wakati wa Hippocrates, karibu miaka 400 kabla ya Kristo, walikwisha kuona wagonjwa ambao nyama ya mwili inayeyuka mabegani, kifuani na mapajani mpaka mtu anafanana na kivuli. Walijua kwamba mgonjwa akifika hapo, kifo hakiko mbali. Hali hiyo ikapata jina kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya "hali mbaya", na mpaka leo madaktari huiita kakeksia. Lakini kuipa hali jina si kujua inatoka wapi. Kwa karne nyingi watu walidhani saratani yenyewe ndiyo inayokula chakula cha mgonjwa, kama mnyoo tumboni. Hata leo nasikia watu wakisema hivyo.

Jambo la pili lililojulikana zamani ni lile tunaloliona mtoto anapochomwa na mwiba. Mahali pale panakuwa pekundu, panavimba, panapata joto na panauma. Mwandishi mmoja wa Roma, Celsus, aliziandika dalili hizo nne katika karne ya kwanza baada ya Kristo, na wanafunzi wa udaktari huzikariri mpaka sasa. Wataalamu huita jambo hilo inflamesheni. Mimi hapa nitaliita mwako, kwa sababu ni kama moto ambao mwili unauwasha wenyewe ili uchome vijidudu na kutengeneza palipoharibika. Mtoto akipona, moto unazimika.

Basi mwaka 1863 daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, alikuwa akichunguza vipande vya uvimbe wa saratani kwa darubini. Akaona ndani yake chembe nyeupe za damu, zile zile zinazokimbilia kwenye kidonda. Akasema huenda saratani na mwako vina uhusiano. Wenzake hawakulifuatilia sana wazo hilo, na likakaa kando kwa miaka mingi.

Mwaka 1932 daktari wa Boston, Marekani, Shields Warren, alitoa ripoti ya maiti 500 za watu waliokuwa na saratani. Alitaka kujua ni nini hasa kilichowaua. Alikuta kwamba zaidi ya mmoja katika kila watano aliuawa na kule kukonda na kuishiwa. Hebu fikirieni. Hawa hawakufa kwa sababu uvimbe uliziba mshipa au kutoboa utumbo. Mwili uliisha tu.

Lakini kwa nini uishe? Hapa hadithi inakuja karibu na kwetu. Wasikilizaji wa upande wa Lambwe wanaujua mbung'o, na wanajua nagana. Ng'ombe akipatwa na nagana anakonda mpaka mbavu zinahesabika, hata kama majani yako tele. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa New York, Anthony Cerami, alivutiwa na ugonjwa huo wa ng'ombe wa Afrika. Yeye na mwenzake Carol Rouzer waliwaambukiza sungura vijidudu vya jamii hiyo. Sungura wakakonda vibaya, ingawa vijidudu vilivyokuwa katika damu yao vilikuwa vichache mno. Vijidudu vichache namna hiyo havingeweza kula mnyama mzima. Cerami akafikiri kwamba mwili wa sungura wenyewe, katika kupigana, ulikuwa ukitoa kitu kinachoyeyusha nyama na mafuta. Kitu hicho akakiita kakektini.

Wakati huo huo watafiti wengine huko huko New York walikuwa wametangaza mwaka 1975 kwamba wamegundua kitu katika damu ya panya kinachoweza kuua uvimbe wa saratani. Watu wengi walikifurahia. Mwaka 1985 kijana mmoja aliyefanya kazi na Cerami, Bruce Beutler, alifaulu kukisafisha kile kitu cha kukondesha, na akakuta ni kile kile kinachoua uvimbe! Silaha ambayo mwili unaitoa kupigana na adui ndiyo inayomdhoofisha mwenye mwili. Beutler alipata tuzo ya Nobel mwaka 2011 kwa utafiti wake mwingine kuhusu kinga ya mwili.

Tangu hapo mambo yakaanza kueleweka. Mwako wa saratani hauzimiki kama ule wa mwiba. Unawaka polepole mwezi baada ya mwezi, na hauonekani kwa macho. Mgonjwa anaweza asiwe na homa hata kidogo. Chembe za kinga zinatuma ujumbe kwenye ubongo, na hamu ya chakula inakatika. Zinatuma ujumbe kwenye misuli, na misuli inaanza kuvunjwa. Ini nalo linachukua vile vilivyovunjwa na kutengenezea vitu vya vita badala ya kujenga mwili. Ndiyo maana mtu mwenye njaa ya kawaida akipewa chakula hunenepa, lakini mgonjwa wa kakeksia huweza kula na bado akapungua. Ni kama kumimina maji katika mtungi uliopasuka chini.

Kwa mzee hali ni ngumu zaidi. Baada ya miaka 60 misuli inapungua kwa kasi, hata kwa mtu mzima wa afya. Tena mwaka 2000 mtaalamu wa Italia, Claudio Franceschi, alieleza kwamba uzee wenyewe huja na mwako mdogo usioisha. Kwa hiyo saratani inapomkuta mzee, inamkuta na akiba kidogo ya nyama na moto ambao tayari umeshika. Kijana anaweza kupoteza kilo 5 na bado akapanda ngazi. Mzee akipoteza kilo hizo, huenda asiweze kuinuka chooni.

Je, mwako huu unaweza kupimwa? Ndiyo, na kipimo chenyewe ni cha zamani. Mwaka 1930 William Tillett na Thomas Francis, wa New York pia, waliona protini fulani inayojaa katika damu ya wagonjwa wa nimonia na kutoweka wakipona. Leo inaitwa CRP, na hutengenezwa na ini mwako unapowaka. Mwaka 2003 madaktari wa Glasgow, Uingereza, waliiunganisha na protini nyingine ya damu iitwayo albumini, ambayo hushuka mwako unapozidi. CRP ikizidi 10 na albumini ikiwa chini ya 35, mgonjwa anapata alama 2, na wenye alama 2 waliishi muda mfupi kuliko wenye sifuri. Jambo hili limeonekana tena katika saratani za aina nyingi. Hata kabla ya hapo, mwaka 1980, uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 3,000 huko Marekani ulionyesha kwamba waliokuwa wamekonda kabla ya kuanza matibabu waliishi muda mfupi kuliko wasiokonda.

Nawaambia haya si kwa kuwatisha. Alama hizo zinahesabu watu wengi kwa pamoja, na hazijui siku ya mama yako. Kazi yake ni kumsaidia daktari kuamua dawa kali zitolewe kwa kiasi gani, na familia ijue mapema inakabiliana na nini.

Mtauliza, basi kwa nini moto usizimwe? Walijaribu. Dawa za kuzuia ile kakektini zilipatikana, na watu wenye baridi yabisi zimewasaidia sana. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya jaribio la moja ya dawa hizo kwa wazee na wagonjwa dhaifu wenye saratani ya mapafu. Haikuwasaidia kunenepa, na uchovu wao uliongezeka. Ikaonekana kwamba kakektini haiko peke yake. Ziko nyingine kadhaa zinazoshirikiana nayo, na ukiziba tundu moja moshi unatokea kwa lingine.

Mwaka 2011 wataalamu wa nchi mbalimbali, wakiongozwa na daktari wa upasuaji wa Edinburgh, Kenneth Fearon, walikubaliana kwa maandishi kwamba kakeksia ni upungufu wa misuli ambao chakula peke yake hakiwezi kuurudisha wote. Nilipolisoma jambo hilo niliweka karatasi chini nikavuta pumzi. Walikubaliana pia juu ya alama ya hatari: mgonjwa wa saratani akipungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake katika miezi 6. Kwa mama wa kilo 60, hizo ni kilo 3 tu. Kwa hiyo msingoje mpaka mbavu zionekane. Mpimeni kila wiki kwa mizani ile ile, muandike kwenye daftari, na daftari liende naye kliniki.

Dawa nazo zimeanza kupata njia. Japani iliruhusu moja ya kuongeza hamu na uzito mwaka 2021. Mwaka 2023 madaktari wa India walionyesha kwamba olanzapini, dawa ya zamani ya akili, ikitolewa kwa kiasi kidogo sana, ilisaidia wagonjwa wengi kula na kuongeza uzito. Mwaka 2024 yakatoka matokeo ya sindano mpya iliyojaribiwa kwa wagonjwa 187, na waliopewa kipimo kikubwa walipata karibu kilo 3 zaidi ya wasiopewa. Hizo ni habari za daktari, tafadhali, si za duka la dawa la mtaani. Vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa siri mara nyingi ni vya kuvimbisha uso kwa maji, na vingine huzidi kumaliza misuli ya mzee.

Kabla ya kusema ni kakeksia, mwangalieni mdomo. Ana vidonda au utando mweupe? Chakula kinakwama kooni? Amefunga choo? Ana maumivu ambayo hajayasema kwa aibu? Hayo yote huzuia kula, na yote yana tiba. Msimlazimishe kijiko mdomoni. Mpeni kidogo mara nyingi, chenye nguvu, kama yai, omena, maziwa, ndengu, na mumtembeze uani akiweza, maana misuli isiyotumika huisha haraka zaidi. Akisema ameshiba baada ya vijiko vitatu, aachwe.

Siku yetu ya kliniki ilipofika nilimwomba wifi yangu tuende pamoja. Sista aliyemhudumia mama alitazama daftari la uzito na karatasi ya damu, akatueleza sote wawili habari za mwako kwa maneno mepesi kuliko haya yangu. Wifi alinyamaza njia nzima ya kurudi. Jioni hiyo alipasha maji moto mwenyewe, akamwogesha mamake, na kesho yake akaniuliza ule uji huwa naupikaje.