Sierra Leone 1992: Mushahara usiolipwa uliangusha serikali

Vita ya Sierra Leone, wengi tunaijua kwa ajili ya almasi. Lakini kuna jambo lingine lililoharibu ile nchi: mushahara wa askari.

Vita ilianza tarehe 23 Machi 1991, wakati waasi wa RUF, wakiongozwa na Foday Sankoh, waliingia wakitokea Liberia. Rais alikuwa Joseph Momoh, naye pia jenerali. Jeshi lake lilikuwa dogo, watu 3 000 hivi. Maofisa vijana walitumwa mashariki, ku mstari wa mbele, na kule walikosa karibu yote: mushahara, chakula, dawa. Almasi nyingi zilitoka nchini kwa magendo, na hazina ya serikali ilibaki tupu.

Tarehe 29 Aprili 1992, maofisa hao walishuka na askari wao mpaka Freetown, mji mkuu, kudai haki yao. Madai yakageuka mapinduzi. Momoh akakimbilia Guinea. Kapiteni Valentine Strasser, kijana wa miaka 25, akawa mkuu wa nchi.

Watu wa Freetown walishangilia, wakifikiri vita itaisha sasa. Haikuisha. Utawala mpya uliongeza jeshi haraka haraka, likapita watu 10 000, lakini nidhamu haikufuata. Kuna askari walioanza kuchimba almasi na kupora vijiji. Raia wakawapa jina « sobel », maana yake mchana askari, usiku muasi.

Januari 1996, Strasser naye aliangushwa na naibu wake, Julius Maada Bio. Uchaguzi ukafanyika, lakini Mei 1997 askari wengine wakamfukuza rais aliyechaguliwa, Ahmad Tejan Kabbah. Vita ilikuja kutangazwa kwisha Januari 2002.

Hapa kwetu pia, wazee hawajasahau Januari 1993: askari wa Mobutu walilipwa noti ya zaire milioni 5, wafanyabiashara wakaikataa, na Kinshasa ikaporwa.

Ndiyo maana, tukisikia kwamba pesa ya askari imetoka, tuulize tena: imefika ku mkono wa nani? Kubadilisha wakubwa peke yake hakutoshi. Askari asiyelipwa hakosi kula. Anakula kwa raia.