Kina cha Rufiji

Alfajiri ya 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliipiga Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, kisha ikajificha delta ya Rufiji. Wajerumani walikwishaipima mikondo ile. Waingereza hawakudhani meli kubwa ingepita. Kujua kina kukawa ngome. Lakini maji haba hayana upendeleo: ilipohifadhika ndipo ilipofungika. Tarehe 11 Julai 1915, Severn na Mersey, zilizoundwa kwa mito ya Brazili na kutosheka na maji yasiyofika mita mbili, ziliingia mtoni. Ndege kutoka Mafia zikaelekeza mizinga. Königsberg ikaungua, mabaharia wake wakaizamisha. Nahodha hujivunia injini. Mto humuuliza kina.