Kikao cha kuwaza kama mwizi

Aprili ina kumbukumbu mbili ambazo hapa Lushoto hazisherehekewi. Tarehe 1 Aprili 1999, ndani ya kampuni ya Microsoft, Loren Kohnfelder na Praerit Garg waliwaandikia wenzao waraka juu ya vitisho vinavyozikabili programu zao. Tarehe 3 Aprili 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ilipita miaka 25 kati ya waraka na tume, na kilichokosekana katikati nimekiona kwenye kibanda cha stationery mjini.

Ilikuwa msimu wa vijana kuomba vyuo na mikopo. Binti aliyeshuka kutoka Mlalo alisimama mbele ya kaunta, akataja namba yake ya NIDA, jina la mama yake na namba ya simu. Fundi akamfungulia akaunti, akamtungia neno la siri, kisha akaliandika kwenye kaunta buku lenye jalada jeusi. Mstari mmoja, mtu mmoja: jina, namba, neno la siri. "Usije ukasahau, dada, ukarudi hapa tunahangaika," alimwambia. Alisema kwa wema kabisa. Daftari lilibaki wazi juu ya kaunta, na sisi wengine kwenye foleni tulikuwa tukilisoma.

Waliojenga mfumo ule wa maombi hawakuliwaza daftari lile. Kuliwaza ndiyo kazi ya kuwaza kama mwizi: watu huketi pamoja kabla mfumo haujajengwa, wakauchora, wakajiuliza mwizi atapitia wapi.

Kohnfelder hakuwa mgeni wa mambo haya. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa MIT, ndiye aliyebuni vyeti vya kidijitali vinavyotumika hadi leo kuthibitisha tovuti. Katika waraka wa 1999, yeye na mwenzake walizigawa hatari mafungu sita: mtu kujifanya mwingine, kuchezea kilichoandikwa, kukana alichotenda, kuvuja kwa siri, kuuzuia mfumo usihudumie watu, na mdogo kujipandisha cheo akafanya ya wakubwa. Herufi za mwanzo za Kiingereza zikazaa jina STRIDE. Mwaka 2001 virusi vya Code Red na Nimda vikaitikisa dunia, na Januari 2002 Bill Gates akawaagiza wafanyakazi wake watangulize usalama.

Hata hivyo kazi ya kuwaza kama mwizi ilibaki mikononi mwa mabingwa. Bingwa alikuja, akahoji, akaandika ripoti, akaondoka. Adam Shostack, ambaye kitabu chake cha 2014 ndicho nilichokitegemea zaidi hapa, alikuwa ndani ya Microsoft akiona wahandisi wa kawaida wakinyamaza kikaoni. Mwaka 2010 akaja na dawa ambayo mzee yeyote wa kijiweni angeielewa: karata.

Mchezo wake unaitwa Elevation of Privilege. Mchoro wa mfumo huwekwa mezani, karata zikagawiwa. Kila fungu la hatari lina rangi yake, na anayeanza ni mwenye tatu ya kuchezea data. Ukitupa karata, unaisoma kwa sauti na kueleza jinsi hatari hiyo inavyoweza kuupata mfumo ulio mezani. Wenzako wakikubali, una pointi. Kubwa inakula ndogo, ila kujipandisha cheo ndiyo turufu, inakula zote. Hapo mdogo anapata ruhusa ya kumwambia mkubwa kwamba mlango wake uko wazi, kwa sababu karata ndiyo iliyomlazimisha.

Turufu hiyo milima hii ya Usambara inaijua. Vuga, makao ya Wakilindi, ukoo uliotawala hapa, upande wa Soni, ilikaa juu mgongoni mwa mlima. Mtawala wao Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, mjukuu wake Shekulwavu alirithi kiti. Hatari ikatoka ndani ya ukoo. Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa amekaa Mazinde, bondeni kwenye njia ya misafara, akikusanya bunduki. Kabla ya miaka ya 1860 kwisha, Vuga ilikuwa mkononi mwake, na mwanawe mdogo ameketishwa kitini. Nani Vuga aliketi na wauza bidhaa wa bondeni akawauliza wameona nini?

Swali hilo la nani anaketi mezani lilirudi: mwaka 2020 wataalamu 15 wa kazi hii ya kuwaza vitisho walitoa ilani wakitanguliza watu na ushirikiano mbele ya mbinu na zana, wakamkataa bingwa anayeifanya kazi peke yake. Na haja imezidi: leo mifumo mingi inakaa kwenye wingu, seva za kukodi zilizo mbali, ambako kosa moja la mpangilio linaweza kuianika kanzidata nzima.

Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Ni sheria njema na ninajivunia kwamba tunayo. Lakini sheria haioni daftari la kaunta. Mnaoagiza mifumo, waiteni fundi wa stationery, muuguzi wa zahanati na karani wa ushirika, muwape kiti mezani mchoro ungali wa penseli. Karata za Shostack zinapakuliwa bure, na kibanda kile kina printa.