Maua ya Kutazamwa, Maua ya Kuvaliwa

Harold Nicolson, mwanadiplomasia Mwingereza, alikuwa na kipande cha bustani alichokiita kazi ya maisha yake. Kipo Sissinghurst, Kent, mahali ambapo mwaka 1930 yeye na mkewe, mwandishi Vita Sackville-West, walinunua kasri lililokuwa karibu gofu. Ni njia iliyonyooka, ina safu za miti kila upande, na chini ya miti hiyo huchanua tulipu, dafodili na primrosi kuanzia Machi hadi Mei. Maisha ya watu wawili hawa yana mengi ya kusimuliwa, lakini mimi navutiwa na daftari la Nicolson: kitalu kwa kitalu, aliandika kilichochanua vizuri na kilichomwangusha, ili ajue atapanda nini mwaka unaofuata.

Daftari lile lilikuwa la lazima. Chipuko ya Uingereza, yaani majira ya kuchipua, huandaliwa tangu mwaka uliotangulia. Matunguu ya dafodili huingia ardhini mwezi Septemba, ya tulipu Novemba, na tulipu haichanui ipasavyo bila tunguu lake kupigwa na baridi kwa majuma 12 au zaidi. Maua yakishanyauka, majani ya dafodili huachwa kama wiki sita mpaka yageuke manjano, maana ndiyo yanayolilisha tunguu kwa ajili ya mwaka ujao. Mkulima anayapita kila siku yakiwa yamelala ovyo, asiyaguse. Ua linabaki kwenye bua lake, na bustani nzima imepangwa kwa ajili ya jicho: njia ielekee wapi, rangi gani ikae jirani na ipi. Sackville-West alilifikisha wazo hili mbali alipotenga sehemu moja ya bustani iwe ya maua meupe na majani ya kijivu.

Miezi hiyohiyo ya Machi hadi Mei, pwani yetu huwa kwenye masika. Ukiingia ua wa nyumba ya Lamu, Mombasa au Unguja unaweza usione kitu cha kupigia picha: kichaka cha asumini kando ya birika, mrihani kwenye kopo la samli, mwaridi ukutani, pengine mlangilangi nyuma ya jiko. Hakuna safu wala mpangilio wa rangi. Lakini subiri alasiri. Mama wa nyumba hutoka na kisahani, akachagua vitumba vya asumini vilivyovimba na kuwa vyeupe kabisa lakini bado vimefumba. Kilichokwisha kufunguka hakimfai, na cha kijani anakiacha kwa kesho. Kile anachokichuma anakibana kwa kucha, chini penye kikombe chake, kitoke na shingo yake nzima, kwa sababu sindano itapita hapo. Vikitungwa uzini jioni, vitafunguka usiku vikiwa tayari kwenye nywele, shingoni, au juu ya kitanda cha maharusi. Rihani na waridi vitafungwa pamoja na mkadi viwe kikuba cha kuvaliwa kifuani.

Ukipima ua huu kwa kipimo cha Sissinghurst, utasema hakuna bustani hapa. Wengi wamesema hivyo, na mpaka leo wachoraji wa ramani za nyumba zetu wanapotaka bustani huchora ukoka na ukingo wa kayaba. Naona hilo ni kosa kubwa la kihakiki. Bustani ya pwani hupimwa kwa pua, na uzuri wake hauwezi kuonekana kwenye mti kwa sababu mti huvunwa kabla ua halijafunguka. Kazi yake nayo haina msimu wa kungojea. Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya, hivyo hukatwa baada ya kila mkupuo wa maua ili itoe matawi mengine. Tawi lililokatwa halitupwi, jirani hulichomeka kwake mvua zinapoanza.

Katikati ya mila hizi mbili kuna ya tatu, nayo inamgusa Nicolson mwenyewe, kwani alizaliwa Tehran, Iran, mwaka 1886. Wairani huadhimisha mwaka mpya wao, Nairuzi, siku chipuko inapoingia, kama tarehe 20 au 21 Machi. Majuma machache kabla, kila nyumba huotesha ngano au dengu kwenye sahani. Mimea hiyo hukaa mezani, mara nyingi pamoja na haiasinti inayonukia chumba kizima, kisha siku ya 13 hutolewa nje na kutupwa kwenye maji yanayotiririka. Hapo jicho na pua vina haki sawa. Sherehe hiyo ina ndugu yake huku: Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, unaofuata hesabu ya Nairuzi. Kwa kuwa hesabu hiyo ni ya siku 365 bila siku ya nyongeza, siku kuu imesogea mpaka ikaangukia Julai, ikaachana kabisa na chipuko.

Tofauti inayoniuma kati ya Sissinghurst na pwani ni ya urithi. Nicolson na mkewe walitembelea kisiwa cha Delos, Ugiriki, mwaka 1935, wakajaribu kuotesha mandhari yake Sissinghurst. Walishindwa: udongo ulikuwa mzito na mahali penyewe panatazama kaskazini. Taasisi inayotunza bustani ile ilimpa kazi hiyo msanifu Dan Pearson, naye akaikamilisha miaka mingi baada ya wenyewe kufariki. Mradi wa wafu umepata mlezi na bajeti.

Asumini ya pwani inalindwa na kitu kimoja tu: mtu kuwa na udongo wa kuchomeka tawi alilopewa. Siku hizi ua mpya humwagwa saruji au kutandikwa matofali kutoka ukuta hadi ukuta. Ningependa fundi aulizwe mapema, kabla mchanga haujashushwa, aache mraba wa futi 3 kwa 3 mahali penye jua la asubuhi, karibu na mlango wa jikoni. Asumini haihitaji zaidi ya hapo.