Uamsho wa Afrika Mashariki
Uamsho wa Afrika Mashariki ni mwamko wa kiroho uliochipuka miongoni mwa Waanglikana wa Uganda na Rwanda, baada ya Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda, kukutana Kampala mwaka 1929. Kwa wafuasi wa uamsho huo, usharika wenye afya ulijulikana kwa toba, si kwa wingi wa waumini. Watu waliungama waziwazi, wakarudisha walichoiba, wakapatana na waliokosana nao. Hata mmisionari Mzungu alimwomba radhi Mwafrika, jambo zito sana enzi za ukoloni. Mwishoni mwa miaka ya 1930 uamsho huo ulifika Kenya na Tanganyika. Wakati wa Mau Mau, uasi dhidi ya wakoloni nchini Kenya, wengi wa Wakikuyu waliofuata uamsho, walioitwa ndugu, walikataa kula kiapo cha waasi hao, na baadhi yao waliuawa.